Chupa Irudi Tupu

Mapendo mama,

Kabla hujasoma zaidi, fungua hiyo chupa ya chai umimine kikombe. Ni uji wa mahindi. Nimeutia sukari mpaka mama aliyenipikia akaniuliza kama nafuga nyuki. Kunywa kwanza, kidogo kidogo kama tumbo linakataa, halafu uendelee kusoma. Barua haipoi.

Nimekaa nje ya uzio wa kituo hiki cha wakimbizi wanaosubiri kuhamishiwa nchi za mbali, upande wa barabara inayoshuka ziwani, juu ya tofali lililovunjika. Jua bado lipo. Mlinzi ameniambia mara mbili nisogee. Mara ya kwanza aliniita mzee, mara ya pili akaniita wewe. Nimesogea hatua chache tu, nione lile bweni lenye bati jipya mnamolala. Kutoka hapa naona na ng'ambo. Leo hakuna ukungu, milima ya kwetu imejipanga yote, mtu angedhani ni ya kufika kwa miguu.

Habari za sweta, za kutopoteza begi, za namna ya kukaa ndani ya ndege, siziandiki. Mlishafundishwa hayo na watu wanaoyajua, na mimi ndege naiona kwa chini tu. Naandika jambo moja, na naliandika kwa sababu ya maneno aliyoniambia mama yako mdogo mchana huu.

Faida alikuja kwenye uzio kuchukua sabuni niliyoleta. Nikamuuliza wewe unaendeleaje. Akatabasamu, unajua anavyotabasamu akiwa amebeba siri ya kanisa.

"Shemeji, una mtoto anayekupenda. Tangu juzi hajatia kitu kinywani. Hata maji. Amefunga kavu, Mungu arudishe jina lako kwenye orodha ya safari ili mfuatane."

Nikamwambia, "Faida, unasema nini?"

"Nasema anakupigania kwa magoti. Tumbo linamsokota kidogo, na usiku hakulala, lakini hiyo ni vita tu. Adui anajua muda umekwisha."

"Na mkojo wake?"

"Shemeji! Mambo gani hayo ya kuniuliza mtu mzima?"

"Faida, mkojo wake una rangi gani?"

Akaiweka sabuni kwapani. Halafu akasema, "Usimzuie mtoto na Mungu wake. Hata kwa dada yangu ulifunga kwa imani nusu." Akageuka akaenda na sabuni yake.

Nilibaki nimeshika ule waya. Nilikuita kwa sauti, ndipo mlinzi akaja. Sijui kama ulisikia. Nikakimbia hadi Kasingirima kwa yule mama ninayepanga kwake chumba, nikamwomba anipikie uji haraka. Sasa namsubiri Faida. Alipokuwa akiondoka nilimpigia kelele arudi hapa wakati wa kugawa chakula cha jioni, akaahidi. Ataibeba chupa na barua hii, maana nimemwambia ni baraka za mzazi, na baraka za mzazi hawezi kuzikataa. Barua hataisoma, maana kusoma hajui. Kwa hiyo wa kuzungumza naye ni wewe tu, mwanangu, na sina njia nyingine zaidi ya maandishi haya mabaya ya mtu aliyeishia darasa la tano.

Uliwahi kuniuliza, "Papa, kila mwaka unanikataza kufunga na wenzangu. Njaa inanifanya nini ambacho haiwafanyi wao?" Nikakujibu kwa ukali kwamba daktari amesema, basi. Uliondoka ukiwa umekunja uso. Nilikosa pale. Mtu hazuiwi kwenda kwa Mungu wake kwa neno moja la amri, kama mbuzi anayefukuzwa shambani. Nilipaswa kukaa chini nikueleze yote. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kubeba mikungu ya chikichi tangu asubuhi, nikajiambia nitakueleza siku nyingine. Hizo siku nyingine zimeisha zote. Imebaki jioni hii.

Naanza na mama yako, kwa kuwa unakumbuka nusu tu.

Unakumbuka alivyokuwa akishika tumbo na kulia pale kambini, na zahanati wakalibonyeza tumbo wakasema laini, halina kitu. Unakumbuka mkojo wake kwenye kopo uliowekwa nje ukageuka juani kuwa kama chai ya rangi, halafu mwekundu, na majirani wakaja kutazama kama watu wanaotazama nyoka. Unakumbuka alipoanza kusema na watu wasiokuwepo. Kikundi cha maombi kikasema ni pepo wa ukoo, kwa sababu bibi yako mzaa mama naye alikufa hivyo hivyo kule kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa. Tukaambiwa tufunge. Wote tulifunga, na mgonjwa akaambiwa afunge kuliko wote, kwa kuwa pepo ni wake.

Mama yako Sifa aliniomba muwa. Ulikuwepo, ulikuwa umekaa mlangoni. Alisema, "Baba Mapendo, hata kipande nikifyonze nitakitema." Nikamwambia avumilie mpaka jioni. Jioni nikamwambia mpaka kesho. Nilikuwa naona ninampenda kwa kumkatalia. Baadaye wakampa vidonge vya malaria, vile vya salfa, ingawa hakuwa na homa, na miguu yake ikalegea, kisha mikono, kisha pumzi. Nimeandika haya si ili unisamehe. Nataka ujue kwamba maumivu unayoyasikia sasa hivi tumboni nimeshayaona yakianza, na nimeshayaona yakiisha.

Sasa nikueleze njaa inakufanya nini. Nilielezwa na Daktari Mwanaidi, yule mwembamba wa Tanga aliyepangiwa kazi hapa Kigoma, siku zile ulipolazwa na kuwekewa dripu ya glukosi. Wewe ulikuwa umelala. Yeye ndiye aliyeweka mkojo wako dirishani juani makusudi, akauangalia unavyobadilika, kisha akapeleka mwingine Dar es Salaam ukiwa umefunikwa usipate mwanga, majibu yakarudi na jina la porfiria. Aliponieleza mara ya kwanza sikuelewa kitu. Akaniuliza, "Mzee wangu, wewe kazi yako nini?" Nikamwambia nakamua mawese Simbo. Akasema, "Basi nielezee mnavyofanya." Tukaelewana kuanzia hapo.

Pale Simbo kwa Mzee Ntakije kazi inapita mikono mingi. Mmoja anakata mikungu, mmoja anachambua chikichi, mwingine anapika kwenye mapipa, mwingine anakamua, mwingine anachuja. Mwisho wake yanatoka mafuta mekundu. Mzee mwenyewe magoti yameharibika, hashuki bondeni. Anakaa nyumbani kwake juu, anaandika amri kwa mkaa kwenye vipande vya boksi, na yeyote anayeshuka anabeba kipande. Madumu ya mafuta yakifika kwake machache, anaandika amri nyingi zaidi.

Daktari akasema ini lako, kama la kila mtu, lina kiwanda kama hicho. Linatengeneza kitu chekundu ambacho mwili hauishi bila hicho. Kazi inapita mkono hadi mkono. Wewe, kama mama yako na bibi yako, umerithi mkamuaji mlegevu pale katikati. Siku za kawaida anajitahidi, kazi inakwenda, hujui kama unaumwa. Lakini ukikaa na njaa, ini linaona shida imeingia, linamwandikia mpishi apike zaidi. Dawa kama zile za salfa zinafanya vilevile. Mpishi anapika, mkamuaji hawezi, na kile kilichopikwa nusu kinarundikana katikati. Huo mrundikano ndio sumu. Unaingia kwenye damu, unawasha mishipa ya fahamu, tumbo linasokota ingawa halina kidonda, akili inatangatanga, miguu inalegea. Kinachozidi kinatoka na mkojo na kugeuka rangi juani. Hakuna pepo hapo. Ni chikichi iliyooza kwenye foleni.

Na sukari, akasema daktari, inamtuliza mzee kule juu. Anaacha kuandika ovyo. Ndiyo ile glukosi. Ndiyo na ule muwa.

Niliposikia hilo la muwa nilitoka nje ya wodi. Sikurudi upesi.

Nilipoingia tena nilimwambia daktari kwamba hayo tuliyaona Simbo kwa macho yetu. Baba Shukuru, mkamuaji wetu, aliteguka bega. Chikichi zilizopikwa zikajaa mpaka njiani, zikachacha, nzi wakatujaa, watu wakaumwa vichwa kwa ile harufu. Madumu yakawa yanapanda machache, na Mzee Ntakije anaandika tu: pika pipa lingine, pika pipa lingine. Kumwendea haikuwezekana, yule mtu ukimwambia asubiri anaongeza. Ndipo tukamtumia Mama Anyesi, yule mama wa kuni, Muha mwenye kucheka sana, hajui kusoma. Mwenyewe anasema, "Mimi shule niliipita kwa nje, nikielekea kisimani."

Tukampa kipande kimoja cha zamani chenye amri ile ya mpishi. Akakaa njiani na kipande chake mapajani. Kila boksi linaloshuka anaomba alione, analilaza kando ya lile lake, anafuata alama moja moja kwa kidole. Likifanana lote, analichana na kulitupa motoni. Lisipofanana, kama ni la kuni au la kukata mikungu, analiachia lipite. Mpishi akaanza kupika kidogo, maana mengine yalimponyoka Mama Anyesi alipokwenda kula. Hicho kidogo Baba Shukuru alikiweza. Rundo likapungua. Mafuta yakatoka safi. Mzee Ntakije siku moja akatuma kuuliza, "Boksi zangu zinaliwa na mbuzi?" Mama Anyesi akajibu, "Mwambieni ndiyo, mbuzi wa huku chini wanapenda sana mwandiko wake."

Daktari Mwanaidi alicheka mpaka akashika kitanda chako. Halafu uso ukabadilika. Akasema, "Mzee wangu, hiyo dawa ipo."

"Ipi?"

"Hiyo ya Mama Anyesi. Hapa kwetu haijafika. Lakini ipo."

Nikueleze kama alivyonieleza, na palipo na kosa ni langu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni, nazo hazitoki nyumbani kwao, kama Mzee Ntakije. Zinatoa amri zilizonakiliwa, na nakala hizo wanaziita RNA. Amri ikifika chini, kazi inafanyika. Wataalamu wanatengeneza kipande kifupi sana cha RNA, nyuzi mbili zilizosokotana, kilichoandikwa kulingana na amri ya mpishi peke yake. Kikiingia ndani ya chembe, uzi mmoja unatupwa, mmoja unashikwa na kitu kilichomo humo humo, kitu tulichoumbwa nacho wote. Nikamuuliza, "Kwa hiyo Mama Anyesi hamumleti nyinyi?" Akasema, "Hatumleti. Yupo ndani yako hata sasa, amekaa njiani. Sisi tunampa kipande cha mfano tu." Kile kitu kinaushika uzi ule, kinalinganisha na kila amri inayopita. Amri ya mpishi ikipita inafanana, inakatwa. Nyingine zinapita salama.

Nikamuuliza kama Mzee Ntakije anakufa.

"Haguswi. Anaendelea kuandika. Ndiyo maana sindano inarudiwa kila mwezi, chini ya ngozi. Ukiacha, amri zinafika tena."

Akaniambia mambo haya yaligunduliwa kwa minyoo midogo, na kabla yake kwa maua. Watu walitaka ua liwe zambarau zaidi, wakaliongezea jeni ya rangi, likatoka jeupe. Walikaa wakishangaa miaka kabla ya kujua kwamba ua lilikuwa linakata amri zake lenyewe. Na akasema, ukibadili kipande cha mfano, unaweza kukata amri nyingine, hivyo wametengeneza dawa kwa watu ambao mishipa yao inakufa ganzi kwa ugonjwa wa ukoo, kwa watoto wenye mawe kwenye figo, na kwa wenye mafuta mengi kwenye damu. Kazi ngumu ilikuwa kukifikisha kile kipande mahali pake, maana damuni kinaharibika upesi. Hiki chako wamekitengeneza kisiharibike ovyo, wakakifunga kwa aina ya sukari ambayo ini linaijua na kuivuta kwake.

Sukari tena, Mapendo. Nilikaa nikilifikiria hilo. Mama yako aliomba sukari akiwa hajui lolote kati ya haya. Mwili wake ulikuwa unajua.

Sasa yale uliyoniambia juzi kabla ya kuingia kituoni. Ulisema, "Papa, huu ugonjwa nauacha Kigoma. Huko nikifika mimi ni mzima." Najua kwa nini. Kambini walikuita mtoto wa pepo, walihamisha ndoo zao kwenye foleni ya maji ukifika. Unataka kushuka mahali ambapo hakuna anayejua. Mimi nami nilitaka hivyo nilipovuka ziwa hili, nikakuta kila nilichokikimbia nimekivaa. Ugonjwa huu upo ndani ya ini lako, utapanda nao ndege, umelipiwa nauli. Usipowaambia madaktari wa huko, watakuona siku umeanguka, watakupa dawa isiyofaa kwa kutojua, kama walivyompa mama yako. Wao hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia.

Sema jina lake. Porfiria. Lisemee mlangoni kabla ya kukaa. Waambie na ile dawa ya sindano. Daktari Mwanaidi hakuniahidi kwamba utapewa. Alisema wataangalia kwanza ini na figo, kwamba si kila mtu inamfaa, na kwamba haiondoi ugonjwa, inapunguza tu mashambulizi. Lakini huko kuna mlango wa kugonga. Hapa mimi nimegonga ukuta.

Na neno jingine ulilolisema, ukadhani sikulisikia. Daktari alikuwa amekugusia ile dawa, nawe ukamwambia Faida, "Wakinyamazisha jeni zangu, si watanyamazisha na za mama?" Nilitaka kuingia nikujibu, nikaogopa kwamba nitalia mbele yenu. Jibu nililipata kwa daktari, nilimuuliza kwa ajili yako bila kukutaja. Alichokupa mama yako ni yule mkamuaji mlegevu wa katikati. Dawa haimgusi. Inakata amri za mpishi, mwanzo wa mstari, ili huyo wa mama yako aiweze kazi yake. Hakuna kinachomfuta Sifa ndani yako. Kinachofanywa ni kumpunguzia mzigo. Laiti kungekuwa na mtu wa kumpunguzia alipokuwa hai.

Sasa kuhusu mimi.

Unafunga ili jina langu lirudi. Jina langu halikuondolewa na shetani. Siku ya kuhesabiwa watu nilikuwa Simbo, nimetoka kambini bila ruhusa kwa sababu ya chakula, na aliyekuja kuniita alichelewa. Wakaandika kwamba sipo. Nilienda mara nyingi kueleza, na kila mara nikakuta dirisha lina mtu mwingine. Hilo ni langu. Sikuondoka kwa ujinga, niliondoka kwa njaa yenu, lakini niliondoka bila kumwambia jirani hata mmoja nilipo, kwa kiburi cha kutotaka watu wajue kwamba nabeba chikichi, mimi niliyekuwa na mashua yangu kule Fizi. Kama ningemwambia mtu mmoja tu, leo ningekuwa ndani ya uzio huo pamoja nawe. Sina la kujitetea.

Lakini sikiliza, mwanangu. Ukianguka usiku huu, kesho hawatakupandisha. Watakurudisha nyuma kwenye mstari, na dawa iko mbele. Ukianguka angani, hakuna Daktari Mwanaidi huko. Hata jina langu likirudi kwa maombi yako, nirudi nimfuate nani? Mimi sitaki kufuatana na mtu aliyelala kama mama yako. Nimeshatembea na jeneza moja katika nchi hii.

Sikuambii usiombe. Omba mpaka sauti ikauke. Ila mwili wako haujaruhusiwa kufunga, kama vile miguu ya Mzee Ntakije haijaruhusiwa kushuka bondeni, na hakuna anayesema Mzee Ntakije hana imani. Mimi mwili wangu umeruhusiwa. Basi nimefanya hivi. Tangu Faida alipoondoka hapa mchana sijatia kitu kinywani, na wakati uji huu unapikwa sikuonja hata mwiko. Nadhiri yako nimeichukua mimi. Nitaifunga kuanzia pale ulipofika, siku zote ulizokuwa umekusudia, kavu kama wewe. Mungu akiwa anahesabu, ahesabu kwangu. Sidhani kama anajali ni tumbo la nani katika nyumba moja. Kama anajali, basi nitajibu mimi mbele yake, nimjibu na kwa ule muwa wa mama yako, tumalize yote pamoja.

Kwa hiyo huvunji kitu ukinywa. Unanipokeza tu.

Katika mfuko unaokuja na chupa kuna na glukosi ya unga, pakiti zote nilizozipata dukani Ujiji, na ndizi mbivu. Ukiona kichefuchefu, lamba unga kidogo, subiri, lamba tena. Maumivu yakizidi, usimwite Faida aombe kwanza. Mwite yule nesi wa kituo, umwambie jina la ugonjwa na neno glukosi, yeye atajua dripu. Faida ataomba wakati dripu inashuka, havigombani. Mpende Faida. Alimpoteza dada yake na bado hajui kwa nini. Siku moja, mkiwa mbali na mimi, msomee barua hii.

Jua linaingia nyuma ya milima ya kwetu. Nimesikia sahani zinagongana ndani, wanaanza kugawa. Naandika upesi sasa.

Nilifikiri nitakuaga kwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga kichwani wiki nzima nikibeba mikungu, kuhusu heshima na kumbukumbu ya kwenu. Yote yamenitoka. Sina wosia. Nina chupa hii moja ya chai, yenye ua jekundu ubavuni, si yangu, ni ya yule mama wa Kasingirima, na nimemwahidi kuirudisha.

Sihami hapa. Mlinzi akinifukuza nitakaa ng'ambo ya barabara, akinifukuza na huko nitakaa mtaroni. Mpe Faida chupa airudishe kwenye uzio. Usiandike chochote, usipoteze nguvu, na usije kupunga mkono, nitaharibika. Nitaipokea, nitaitikisa sikioni. Ikiwa nyepesi, nitajua umenikubalia, na kesho basi lenu likipita hapa nitasimama wima kama baba wa mtu anayesafiri.

Ikirudi nzito, mwanangu, nitaupanda huu uzio.

Kunywa, Mapendo. Kunywa yote. Chini kabisa sukari imejikusanya, ikoroge.

Baba yako